Ahadi Niliyoitimiza Kariakoo

Wahenga walisema ahadi ni deni, na deni langu mimi lilikuwa la chakula. Kitinda mimba wangu alipokuwa akijiandaa kwa mtihani wa kidato cha sita, nilimwahidi kwamba akifaulu nitamsindikiza mwenyewe hadi Dar es Salaam, na siku ya kuwasili atachagua chakula akitakacho nami nitalipa. Nilidhani atachagua biriani. Matokeo yalipotoka, alinifuata jikoni kwetu Kwamsisi, simu mkononi, akanionesha picha ya mkate mwembamba wa mahindi uliokunjwa, ndani yake nyama, maharage, nyanya na parachichi. Kilikuwa chakula cha Meksiko, kiitwacho taco. Jina hilo naliacha katika tahajia ya wenyewe, kwa kuwa wakwe nao husoma gazeti hili.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na hazina yangu ni shamba. Niliuza madebe ya mahindi, tukapanda basi Korogwe. Tuliposhuka stendi ya Mbezi nilikuwa nimebakiwa na shilingi 40,000 za kutimizia ahadi.

Kijana alikuwa amekwisha kuulizia. Mkahawa aliouchagua ulikuwa Masaki, wenye viti vya mbao na upepo wa bahari. Tulipoletewa orodha ya vyakula, nilisoma bei mara mbili: sahani moja, shilingi 35,000, maji mbali. Nikamwita mhudumu, nikamuuliza maharage yale hukaangwa kwa mafuta gani. Alikuwa kijana mstaarabu. Akaenda jikoni, akarudi na kusema kwamba hawana hakika. Nikamshukuru, tukaondoka.

Sikuuliza kwa ukorofi. Katika mapishi ya Meksiko, maharage ya kupondwa na mikate ya ngano aghalabu hupikwa kwa mafuta ya nguruwe. Hata hivyo, mafuta hayo si ya asili ya kule. Nguruwe waliletwa na Wahispania katika karne ya 16, na kabla ya hapo watu wa nchi ile walikuwa wakila mahindi, maharage na pilipili kwa maelfu ya miaka bila kumjua mnyama huyo.

Ndani ya daladala mwanangu hakusema neno hadi tulipokaribia mjini. Ndipo akasema kwa sauti ya chini, akitazama nje, "Mama, ungeniambia tu kwamba hela haitoshi."

Maneno yale yalinichoma. Nilitaka kukana, nimwambie kwamba niliyemcha ni Mola, si bei. Nikanyamaza, kwani alikuwa amesema nusu ya ukweli. Lau mhudumu angerudi na jibu safi, ningelipa kwa lipi? Niliona haya kwamba nilikuwa tayari kuificha mifuko yangu mitupu nyuma ya dini yangu. Nikamwambia, "Ni kweli, mwanangu, hela haikutosha. Na mafuta yale pia sikuyaamini. Yote mawili ni kweli." Akanitazama, akatikisa kichwa. Nadhani siku ile ndiyo aliyoanza kuzungumza nami kama mtu mzima.

Tulishuka Kariakoo, tukamkuta mama lishe aliyekuwa akisukuma chapati, sufuria ya maharage ya nazi ikitokota pembeni. Jirani yake alikuwa na jiko la mishkaki. Tuliagiza chapati, maharage, mishkaki, kachumbari yenye pilipili, na parachichi moja. Kijana alitandaza chapati, akapanga kila kitu juu yake, akaikunja kama ilivyokuwa katika picha. Alipoing'ata, mchuzi ulimchuruzika hadi kwenye kiwiko, akacheka. Watu wawili tulishiba kwa shilingi 9,000, na chenji ikarudi.

Hapo ualimu ukanipanda. Nilimwambia kwamba mahindi yalianza kulimwa kusini mwa Meksiko yapata miaka 9,000 iliyopita, na kwamba maharage, nyanya, pilipili na parachichi vyote asili yake ni bara la Amerika. Wareno waliyaleta mahindi katika pwani za Afrika tangu karne ya 16. Kwa hiyo mimi niliuza mahindi Kwamsisi ili nikanunue mahindi Masaki! Makande tunayoyala nyumbani kila siku ni mahindi na maharage, jozi ileile iliyowalea watu wa Meksiko.

Tofauti yetu ni ujuzi mmoja. Wenzetu huyachemsha mahindi kwa maji ya chokaa, huyalaza usiku kucha, huyaosha, kisha huyasaga. Njia hiyo hulainisha ganda na kuufanya mwili upate vitamini iliyofungika ndani ya punje. Mahindi yalisafiri, ujuzi ule ukabaki nyuma.

Na chakula kile cha Texas, kilichochanganya mapishi ya Meksiko na ya Marekani, nacho kilikuzwa na akina mama lishe. Texas ilikuwa sehemu ya Meksiko hadi mwaka 1836. Mwishoni mwa karne ile, katika mji wa San Antonio, wanawake wenye asili ya Meksiko walitandika meza viwanjani usiku, wakauza nyama iliyopikwa kwa pilipili kwa bei ya mtu wa kawaida. Hata ile taco ya nyama ya kuchomwa kwenye mti wa chuma usimamao ina nasaba na shawarma, iliyopelekwa Meksiko na wahamiaji kutoka Lebanoni. Huko ndiko nyama ya kondoo ilikobadilishwa ikawa ya nguruwe.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, mtoto akitamani chakula cha mbali usimkemee. Muulize kimetengenezwa kwa nini, kisha tazama kilicho karibu. Mkahawani, uliza mafuta, nyama na kama kuna pombe katika viungo; kuuliza si aibu. Na ikiwa bei ndiyo iliyokushinda, sema ni bei. Mtoto atakuheshimu zaidi.

Likizo iliyopita alirudi nyumbani, akaomba makande. Alipokuwa akirejea chuoni, nilimfungia debe la unga na maharage ya kutosha. Mahindi ya debe lile sikuyauza.