Natchez: wachache wenye ufunguo

Twende Natchez, mji wa Mississippi, Marekani ya kusini. Fasi hii Wayahudi walikuwa na maduka, na biashara yao ilitegemea pamba. Hekalu lao, B'nai Israel, liliungua mwaka 1903; mwaka 1905 wakamaliza lingine. Hazikupita miaka mingi, kidudu cha pamba kikaharibu mashamba. Biashara ikaanguka, watoto wakaenda miji mikubwa juu ya kutafuta kazi. Wewe wa mji wa migodi, unajua mambo hayo! Wakabaki wazee wachache, bila rabi wa kudumu. Waumini wenyewe wakaongoza sala, wakatunza nyumba. Na kwetu, kijana, mgodi ukifunga na jirani wakihama, nani atabaki na ufunguo wa kanisa?