Koboi akifika Kiogoro atatumia risasi gani?

Ni nani kati yetu hajamwona koboi wa filamu akisukuma kile kitanzi cha chuma kilicho chini ya bunduki yake, akakirudisha kwa kishindo, kisha akafyatua tena? Kitanzi hicho ni wenzo. Kikisukumwa mbele, ganda la risasi iliyotumika huruka nje. Kikirudishwa, risasi mpya huingia chemba. Bunduki fupi za namna hiyo hupendwa sana Marekani hadi leo, kwa uwindaji na kwa burudani ya kulenga shabaha. Na swali la kwanza la anayeinunua ni hili: achukue ya risasi ya ukubwa gani?

Leo, msomaji, nakualika tulibebe swali hilo hadi Kiogoro, eneo la Nyaribari Chache katika Kaunti ya Kisii. Huenda ukadhani tumepotea njia. Vumilia kidogo, utaona kwamba bunduki ya wenzo iliwahi kufika karibu na hapa.

Kiogoro si mbali na mji wa Kisii. Ukiufika utaona nchi ya vilima vya kijani kibichi. Migomba imezunguka nyumba, mahindi yameteremka hadi bondeni, na kingo za mashamba zimepandwa majani ya ng'ombe. Udongo una rutuba na mvua haina choyo. Ndiyo maana hakuna nafasi iliyobaki bure. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kaunti ya Kisii ina zaidi ya watu 900 katika kila kilometa moja ya mraba. Simama juu ya kilima chochote, na popote utakapotupa jicho utaona paa la bati, moshi wa jikoni au watoto wa shule wakipita kijinjiani.

Mambo hayakuwa hivyo upande wa mashariki ya milima hii miaka zaidi ya 100 iliyopita. Mnamo Juni 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika kiti cha urais wa Marekani, alipiga kambi katika nyika iliyoitwa Sotik siku zile. Alikuwa na mwanawe Kermit, wakikusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington. Safari hiyo ilipokwisha, baba na mwana walikuwa wamepiga zaidi ya wanyama na ndege 500.

Roosevelt hakuja na bunduki moja. Kwa tembo na vifaru alikuwa na bunduki nzito ya Kiingereza yenye mitutu miwili. Kwa swala wa mbali alikuwa na bunduki nyepesi ya kijeshi aina ya Springfield. Na kwa simba alipenda bunduki ya wenzo, Winchester ya mwaka 1895, yenye risasi iitwayo .405.

Tarakimu hizo zisikutishe. Risasi nyingi za Kimarekani na Kiingereza hupewa majina kwa kipimo cha inchi, na jina lenyewe hukaribia tu upana halisi. Ya .22 ina upana wa milimita 5.6 hivi. Ya .357 hufikia milimita 9, na ya .30-30 karibu milimita 8. Ya .405 hupita milimita 10.

Lakini upana peke yake haukuelezi mengi. Mwanafunzi wa fizikia atatusaidia hapa. Nishati ya kitu kinachokwenda ni nusu ya uzito wake ukizidisha kwa kasi mara kasi. Risasi ya .22 ina uzito wa gramu 2.6 na huondoka kwa kasi ya mita 330 hivi kwa sekunde. Piga hesabu, utapata juli 140 hivi. Ile ya .30-30, iliyoanza kuuzwa mwaka 1895, ina gramu 11 na kasi ya mita 670. Jibu lake hukaribia juli 2,500. Ya .405 ya Roosevelt ina kasi karibu ile ile ya mita 670, ila uzito wake ni gramu 19. Uzito huo tu unaifikisha karibu juli 4,300.

Kwa hiyo wenye ujuzi huchagua hivi. Anayejifunza kulenga, au anayepiga makopo na sungura, hutosheka na .22: bei yake ni ndogo, kelele chache, na bunduki haipigi teke. Anayetaka burudani ya shabaha yenye nguvu zaidi huchukua .357, ambayo hutumika pia katika bastola. Mwindaji wa kulungu katika misitu ya Marekani, ambako mnyama huonekana kwa karibu, huridhika na .30-30. Anayekabili dubu hupanda hadi .45-70, risasi iliyotoka katika jeshi la Marekani tangu mwaka 1873. Huku kwetu Afrika, mahali ambapo uwindaji ungali halali kama Tanzania, bunduki ya nyati huanzia .375.

Lipo jambo jingine ambalo filamu hazisemi. Bunduki nyingi za wenzo huweka risasi ndani ya bomba chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine. Risasi yenye ncha kali ingegusa fataki ya ile iliyo mbele yake, na teke la bunduki lingeweza kuilipua humo ndani. Kwa sababu hiyo risasi zake huwa na kichwa bapa. Winchester ya Roosevelt haikuwa na bomba bali kisanduku, hivyo ilikubali risasi za kila umbo.

Sasa rudi nami kilimani Kiogoro. Hesabu zote hizo hutazama mnyama aliye mbele. Mwindaji mwangalifu hujiuliza swali la pili: nikimkosa, risasi itakomea wapi? Hata ile ndogo ya .22 inaweza kuruka zaidi ya kilometa 1 ikielekezwa juu. Ya .30-30 hufika kilometa 2 au zaidi. Sasa chora kwa macho mstari wa kilometa 2 kutoka hapa ulipo, kuelekea upande wowote, na uhesabu majumba, makanisa, shule na wachuma mboga walio juu ya mstari huo. Hakuna risasi ya saizi ya Kiogoro.

Wenyeji wa milima hii walilijua hilo kabla ya hesabu zetu. Mwaka 1905 Waingereza waliwashambulia Wagusii kwa bunduki, nao walikuwa na mikuki na ngao. Januari 1908, Otenyo wa Kitutu, akichochewa na nabii Moraa, alimchoma mkuki mkuu wa wilaya, Northcote. Northcote alipona, na baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Wagusii ndio walioona cha mtema kuni: vijiji vilichomwa, mifugo ikatekwa na watu wengi wakauawa, hata Winston Churchill, aliyekuwa katika wizara ya makoloni huko London, akalalamikia mauaji hayo. Huku, habari ya bunduki haijawahi kuwa mchezo.

Sheria nayo imeshafunga mlango. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikaendeleza marufuku hiyo. Kuwa na bunduki bila cheti ni kosa la jinai, na cheti hakitolewi kwa kuomba tu. Anayependa kulenga shabaha, akiwa na kibali, ana viwanja maalumu kama kile cha Kirigiti, Kiambu. Kwenye viwanja vya namna hiyo swali la risasi itakomea wapi hujibiwa kwanza, kwa ukuta mnene wa udongo nyuma ya shabaha.

Nawe mzazi, ukiwaleta watoto Kiogoro likizo ijayo, wafundishe hesabu ile ya juli, kisha wasimamishe kilimani wajichoree mstari wao wenyewe. Wakitamani wanyama, shuka nao hadi mbuga ya Ruma, katika bonde la Lambwe, Kaunti ya Homa Bay. Huko ndiko waliko korongo wa mwisho wa Kenya. Chukua darubini na kamera, na uwaambie watulie: korongo huwa hamngojei mwenye kelele.