Redio Iliyokwama Kwenye 90

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa, na kimya changu cha wiki hizi kimetokana na kimya kingine, kilichokuwa ndani ya gari la Baba. Leo hakuna habari za hifadhidata wala lugha za programu. Leo ni redio ya gari, mkungu wa waya, shilingi 5,100, na jinsi mtu mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta alivyomdanganya mzee wake kwa miaka miwili bila kujua.

Baba ni mkulima mdogo wa majani chai upande wa Litein, Kaunti ya Kericho. Mwaka 2023 tulichanga, yeye akatoa bonasi yake nami nikatoa akiba yangu, tukanunua Toyota Probox ya mwaka 2010. Gari lilikuwa Nairobi, kwa hiyo mimi ndiye niliyelikagua. Injini sawa, breki sawa, taa sawa. Nikawasha redio, ikakamata Kass FM, ambayo Nairobi iko 89.1. Sauti safi, na lugha ya nyumbani. Nikaweka alama ya vema kwenye orodha yangu, nikaliendesha hadi nyumbani kupitia Narok na Bomet nikisikiliza muziki wa simu.

Wiki mbili baadaye Baba akapiga simu. "Redio ya hili gari haishiki kitu."

Nilikuwa kazini, nimebanwa. Nikamjibu, "Ni milima hiyo, Baba. Mawimbi ya FM yanazuiwa na milima."

Akanyamaza kidogo. "Sawa. Wewe ndiye umesoma."

Yakaishia hapo. Wenzangu mnaoandika programu mnaijua dhambi hii. Mtumiaji analeta hitilafu, wewe unajaribu kwenye mashine yako, inafanya kazi, unafunga tiketi. Huendi kuangalia mashine yake. Mimi nilikuwa nimejaribu Nairobi, na bahati mbaya nilijaribu stesheni moja tu.

Likizo ya Desemba iliyopita nikaenda nyumbani. Asubuhi moja Baba akaniomba nimsindikize Sotik. Tukatoka Litein, mashamba ya chai pande zote mbili, umande bado haujakauka, na ndani ya gari kimya. Nikaingoja redio. Haikuwashwa. Nikamuuliza, "Husikilizi habari siku hizi?" Akasema, "Si ulisema ni milima?"

Aliponijibu hivyo nikakumbuka kitu ambacho kingenijia tangu ile siku ya simu kama ningetumia akili kidogo: redio ndogo ya jikoni, ile ya betri, inashika stesheni zote hizo, katika milima hiyo hiyo. Nikanyoosha mkono nikawasha ya gari. Nikabonyeza kitufe cha kutafuta. Namba zikapanda: 88, 89, 89.9, 90.0. Halafu, badala ya kwenda 90.1, zikaruka hadi 76.0 na kuanza upya.

Baba akafungua kijisanduku cha dashibodi akatoa risiti ya majani, moja ya zile za kituo zinazoonyesha kilo ulizopeleka. Nyuma yake alikuwa ameandika kwa kalamu. Upande mmoja, stesheni anazozipenda na namba ambazo sindano ya redio ya jikoni inasimama: zote zilikuwa juu ya 90. Upande wa pili sentensi moja: "Ya gari inafika 90 inarudi 76." Tarehe ilikuwa ya 2023. Alikuwa ameandika ili anisomee kwenye simu, lakini sikumpa nafasi.

Jamani, hiyo ni taarifa ya hitilafu iliyokamilika. Nimefanya kazi na wahandisi wasioweza kuandika nzuri kama hiyo.

Sasa, kwa nini 76 hadi 90? Gari hilo lilitengenezwa kwa ajili ya Japani, na Japani redio ya FM ilipewa masafa ya megahezi 76 hadi 90. Sehemu kubwa ya dunia, Kenya ikiwemo, inatumia 87.5 hadi 108. Wajapani hawakuwa na nafasi huko juu kwa sababu kuanzia 90 hadi 108 ndiko walikokuwa wameweka chaneli 1 hadi 3 za televisheni ya analogi. Televisheni hiyo ilizimwa mwaka 2011, isipokuwa mikoa mitatu iliyopigwa na tetemeko, ambayo ilifuata mwaka 2012. Baadaye, kuanzia 2014, wakaanza kutumia sehemu ya nafasi hiyo kwa redio, hadi 95. Kwa hiyo hata baadhi ya magari mapya kidogo bado hayafiki mwisho wa masafa yetu.

Sisi tunanunua magari ya Japani kwa sababu wao pia wanaendesha upande wa kushoto, na Kenya huruhusu gari lililotumika kuingia ikiwa halijazidi miaka minane. Gari linavuka bahari na redio yake. Haijaharibika. Inatafuta nchi yake tu. Ukipiga hesabu, masafa yetu na yao yanapishana kwenye 87.5 hadi 90 peke yake, yaani megahezi 2.5 kati ya 20.5. Kass FM ya Nairobi imo ndani ya kipande hicho chembamba, nami nilijaribu hapo hapo.

Nikajiwekea bajeti ya shilingi 6,000, nikaingia mjini Kericho. Kulikuwa na njia tatu.

Ya kwanza ni kile kidude ambacho mafundi hukiita ekspanda. Kinakaa kati ya antena na redio, kinashusha masafa, tuseme kwa megahezi 14. Stesheni ya 95 inaonekana kwenye redio kama 81. Ni rahisi kuliko zote. Lakini dirisha la redio linabaki na upana ule ule, hivyo unapata 90 hadi 104 na kukosa zilizo juu ya hapo. Tena Baba atoe 14 kila anapotafuta stesheni? Nimeumia vya kutosha na saa za kanda tofauti kwenye programu. Nikakataa.

Ya pili ilikuwa skrini kubwa ya Android. Nakiri moyo uliruka. Muuzaji akaniambia ni Android 13, kumbukumbu gigabaiti 8, bei shilingi 14,000, tutaelewana. Nikamwomba ruhusa, nikachomeka flashi yenye programu ndogo ya kusoma taarifa za mfumo. Ukurasa wa mipangilio ulisema 13. Mfumo wenyewe ukasema kiwango cha API ni 27, yaani Android 8.1. Mtu alikuwa amebadilisha maandishi tu. Kumbukumbu nayo haikufika hata robo ya ilivyoahidiwa. Nikamshukuru, nikatoka. Isitoshe, Baba huendesha barabara za udongo zenye utelezi. Anahitaji kitufe cha kuzungusha bila kuangalia, si skrini ya kugusa.

Ya tatu ndiyo niliyochukua: redio ya kawaida ya uwazi mmoja, yenye USB, Bluetooth na kitufe kikubwa cha sauti. Shilingi 3,200. Kwenye boksi imeandikwa wati 60 mara 4. Msidanganyike na namba hizo. Gari likiwaka lina takriban volti 14.4, na spika ina omu 4. Hata kipaza sauti kisichopoteza chochote hakiwezi kutoa zaidi ya wati 26 hivi kwa kila spika katika hali hiyo. Kwa habari na mahubiri ya Jumapili, nusu yake inatosha.

Kisha vipimo. Redio za kawaida zina upana wa milimita 180, na kimo cha 50 kwa uwazi mmoja au 100 kwa uwazi mara mbili. Nafasi kwenye Toyota nyingi za Japani ina upana wa 200. Ukiweka bila fremu, zinabaki pengo za milimita 10 kila upande. Nikanunua fremu kwa 700. Muuzaji akaniuliza kama nataka na adapta ya plagi, shilingi 500. Nikasema la. Waya ni waya, nitaunga mwenyewe.

Hapo ndipo shahada iliponiaibisha mara ya pili.

Nikachomoa waya hasi wa betri, nikatoa redio ya zamani, nikakata plagi yake. Nikaunga nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, njano kwa njano. Nikarudisha betri, nikazungusha ufunguo. Kimya. Hata taa haikuwaka.

Baba alikuwa amesimama mlangoni akinitazama. Hakusema neno. Akaenda kumwita fundi wa redio pale sokoni, mzee wa makamo mwenye mita ya umeme iliyofungwa kwa mpira. Fundi akaangalia kazi yangu, akacheka.

"Kijana, nani alikuambia rangi zinafanana?"

Kwenye redio mpya, njano ni umeme wa betri wa kudumu, nyekundu ni umeme unaokuja ufunguo ukizungushwa, nyeusi ni hasi inayokwenda kwenye bodi. Lakini kwenye plagi za Toyota nyingi za miaka hiyo, umeme wa kudumu ni bluu yenye mstari wa njano, wa ufunguo ni kijivu, na hasi ni kahawia. Nyekundu ni spika ya nyuma kulia. Nyeusi na njano ni spika ya nyuma kushoto. Mimi nilikuwa nimeiunganisha redio yangu na spika kila upande, bila umeme hata chembe. Bahati yangu ni kwamba nilikosea kikamilifu. Ningekosea nusu ningeunguza kitu.

"Rangi ni jina tu," fundi akasema. "Jina halikuambii mtu anafanya kazi gani. Pima."

Akanionyesha, nami nawapa kama nilivyopewa. Ufunguo ukiwa nje, waya unaoonyesha volti 12 ndio wa kudumu. Zungusha ufunguo hatua moja, ule unaozinduka ndio wa pili. Kwa spika, chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha jozi ya waya kwa sekunde moja. Spika ikilia "tak", umeipata. Ngozi yake ikisukumwa nje, chanya yako iko sawa. Tena kamwe usiunge waya hasi wa spika kwenye bodi ya gari. Redio za siku hizi hupeleka umeme kwenye waya zote mbili za spika, na ukigusisha mmoja kwenye bodi unaweza kukiua kipaza sauti. Waya wa umeme ukae na fyuzi yake, na kila mwisho wa waya na utepe wake.

Kosa la mwisho linalowasumbua wengi ni kuunga njano na nyekundu pamoja. Ukiziunga kwenye umeme wa kudumu, redio haizimiki yenyewe ukitoa ufunguo. Ukiisahau ikiwa inakula ampea 0.4, inamaliza karibu ampea-saa 10 kwa siku, na betri ya ampea-saa 35 inakufa kabla ya siku ya nne kuisha. Ukiziunga kwenye umeme wa ufunguo, redio inasahau stesheni kila unapozima gari.

Fundi alichukua 1,000, na solda na utepe vikala 200. Jumla 5,100. Ningenunua ile adapta ya 500, plagi ya zamani ingebaki nzima na fundi angelala nyumbani.

Tulipowasha, redio ilikuwa inaruka namba za shufwa baada ya nukta, kwa sababu ilikuja ikiwa imepangwa kwa Marekani. Nikabadilisha eneo kuwa Ulaya, ikaanza kupanda kidogo kidogo. Baba akatoa risiti yake, akavaa miwani, akanisomea. Nikahifadhi namba moja, mbili, tatu, mpaka sita. Kwenye ya pili mtangazaji alikuwa katikati ya salamu. Baba akazungusha kitufe mwenyewe, akapandisha sauti, akafunga mlango akaketi humo gari likiwa limesimama uani. Mama akaita chai mara mbili.

Jioni nikamwambia, "Baba, haikuwa milima. Nilikosea." Akasema, "Nilijua. Redio ya jikoni iko milimani pia." Nikamuuliza kwa nini hakunipigia tena. Akafikiri. "Ulikuwa na haraka."

Niliporudi kazini nikafungua tena tiketi tatu nilizokuwa nimezifunga bila kuwauliza wenyewe chochote. Mbili kati yake zilikuwa za kweli.

Mwezi uliopita Baba akapiga. "Ile redio, kuna kona moja nikishuka kuelekea Sotik, stesheni inapotea, halafu inarudi."

Jibu lilikuwa tayari ulimini. Nikalimeza. Nikamuuliza, "Ikipotea, namba kwenye kioo inabadilika au inabaki?"

"Inabaki."

"Na stesheni nyingine hapo?"

"Moja inapotea, nyingine inasikika vizuri."

"Basi hiyo, Baba, ndiyo milima."

Akacheka mpaka simu ikakwaruza.