Nürburgring: Hofu ikichelewa huponza

Ukibahatika kufika Ujerumani, msomaji, panda hadi milima ya Eifel, kwenye kijiji cha Nürburg. Hapo pana barabara ya mbio za magari iliyofunguliwa mwaka wa 1927. Sehemu yake ya kaskazini, Nordschleife, ina urefu wa kilomita 20.8, na siku zilizotengwa, dereva wa kawaida mwenye leseni hulipa ada akaingia na gari lake. Bingwa Jackie Stewart aliibandika jina la Jehanamu ya Kijani. Mwaka wa 1976, Niki Lauda aliungua vibaya humo.

Usidhani ni ukaidi pekee unaoponza watu hapa. Tazama gari la kifahari ambalo injini yake iko kati ya kiti cha dereva na magurudumu ya nyuma. Hukata kona kama swala. Lakini dereva akiingia kwa kasi, kisha akashtuka katikati ya kona na kuachilia mafuta ghafla, uzito huhamia mbele. Magurudumu ya nyuma huwa mepesi, hukosa kushika lami, na mkia hutaka kutangulia. Kwa kuwa uzito umekusanyika katikati, gari huzunguka kama pia ya watoto. Kufumba na kufumbua, limegonga vyuma vya kando, navyo dereva huvilipa.

Dawa ni kupunguza mwendo kabla ya kona. Mkia ukianza kuteleza, geuza usukani kuelekea unakokwenda, wala usikanyage breki kwa pupa.

Hofu, msomaji, ni mshauri mwema ikitangulia.