Urafiki katika Vitabu vya Hadithi vya Vijana

Wako wazee wasemao kwamba kitabu cha hadithi ya kubuni ni uongo mtupu, na mtoto akisomaye apoteza bure mafuta ya taa. Mimi sioni hivyo. Kijana atokapo nyumbani kwenda shule ya bweni, huko hana mama wala shangazi wa kumnong'oneza: huyu ni mwenzio, yule ala chako tu. Mara nyingi humtambua rafiki baada ya kuumia. Kitabu humpa nafasi ya kuumia kwa ajili ya mtu mwingine, angali salama mkekani pake.

Chukueni Kisiwa chenye Hazina, hadithi ya R. L. Stevenson iliyotoka kitabu mwaka 1883, na Frederick Johnson akaifasiri kwa Kiswahili mwaka 1929. Wengi huisoma kwa ajili ya dhahabu na maharamia. Kwangu mimi moyo wake u katika pipa la matofaa. Kijana Jim Hawkins amempenda Silver, mpishi wa merikebu mwenye mguu mmoja, kwa kuwa Silver humsifu hata ajione mtu mzima. Siku moja Jim aingia pipani kutafuta tofaa, naye asikia Silver akimsifu baharia kijana kwa maneno yale yale aliyomsifia yeye. Habari za njama ya kuua huja pamoja na hayo. Lakini naona jeraha la kwanza ni lile la sifa.

Mpwa wangu, alipokuwa na miaka 13, alikuwa na mwenzake shuleni aliyemwita ndugu wa damu, na kila likizo alirudi hana senti wala viatu. Mama yake alimwonya, akanuna. Alipofika penye habari ya pipa alikifunga kitabu, akakaa kimya barazani hata giza likaingia. Sikumwuliza neno. Likizo iliyofuata alirudi na viatu vyake.

Tena Silver si mwovu mtupu. Maharamia watakapo kumwua Jim, yeye amkinga. Amkinga kwa faida yake mwenyewe, lakini amkinga. Hadithi ya kuonya tu humfanya mtoto awaogope watu wote.

Basi baada ya hiyo nawasomea watoto Charlotte's Web, kitabu cha E. B. White wa Marekani, kilichotoka mwaka 1952. Nguruwe mdogo Wilbur amewekwa achinjwe; buibui Charlotte amwokoa kwa kufuma maneno ya sifa katika utando wake, watu wakastaajabu. Tazameni: Silver asifu apate kitu, Charlotte asifu mwenzake asife, na huyo mwenzake hana cha kumlipa. (Yuko na panya pia, ambaye hasaidii mtu pasipo kuahidiwa chakula. Watoto hupenda kutajiana ni nani darasani mwao aliye panya huyo.)

Mwishoni Charlotte afia uwanja wa maonyesho, peke yake. Binti yangu mdogo alilia, akaniuliza, "Baba, mbona rafiki yake hakuwapo?" Nalimwambia kwamba Wilbur alikuwa ameubeba kinywani mfuko wa mayai ya Charlotte, aupeleke nyumbani, asiweze kufumbua kinywa hata kumwaga, alimkonyeza tu. Akataka nimsomee tena mahali pale.