Jedwali la Watoto 290

Mwalimu wetu wa baiolojia wa kidato cha tano aliingia, akaandika swali ubaoni, akakaa. Ikiwa selimundu huua watoto kabla hawajapata watoto wao, kwa nini jeni yake haijatoweka?

Sisi wa Muheza ugonjwa huo tulikuwa tunaujua. Mtaani kwetu palikuwa na mtoto aliyelia usiku kwa maumivu ya mifupa, na wakubwa walisema ni majaliwa. Sikuwahi kufikiri kwamba majaliwa nayo yanaweza kuulizwa swali.

Mwalimu alitueleza kwamba anayerithi jeni hiyo kwa wazazi wote wawili ndiye mgonjwa. Anayeirithi kwa mmoja huwa mzima. Kisha akamleta Anthony Allison, aliyekulia Kenya. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa udaktari Oxford, Allison alipima damu za Wakenya. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walibeba jeni hiyo. Nyanda za juu hawakufika hata mmoja.

"Haya, huku kuna nini ambacho kule hakuna?"

Wenzetu wa Lushoto, huko milimani, walitutangulia kujibu: malaria.

Tulishangilia, lakini mwalimu alitulia tuli. Alitaka tumwambie: kama jeni hiyo inakinga malaria, ni nini kingine lazima tukione? Na tukiona nini tutakubali kwamba tumekosea? Tulibaki hapo karibu kipindi kizima, na sijakaa darasani kwa raha kama siku ile. Mmoja alisema huenda watu wa pwani na wa ziwani wana asili moja, basi wamerithiana tu. Hoja ilikuwa nzito. Tukaamua tulinganishe watu wa kabila moja, wa eneo moja, tena watoto wadogo, kwa sababu mtu mzima aliyeugua malaria mara nyingi ameshajijengea kinga, na tofauti isingeonekana.

Ndipo akachora jedwali la Allison la 1954: watoto wa Kiganda 290. Waliobeba jeni walikuwa 43, na 12 kati yao walikuwa na vimelea vya malaria. Wasioibeba walikuwa 247, wenye vimelea 113. Tukakokotoa wenyewe: asilimia 28 kwa 46.

Allison aliwaambukiza malaria pia Waluo 30 waliojitolea. Kati ya 15 wasio na jeni waliugua 14. Kati ya 15 wenye nayo, wawili. Hapo darasa liligawanyika. Mimi nilikuwa upande wa waliosema mtu asitiwe ugonjwa kwa makusudi, na niko upande huo hadi leo.

Kengele ilipolia mwalimu akatuachia swali jingine: mahali ambapo malaria imekwisha kwa vizazi vingi, jeni hii itakuwaje? Tulibishana mpaka bwenini. Wa Lushoto walishikilia kwamba itapungua, kwa kuwa kinga haitakuwa na kazi tena na ugonjwa utaendelea kuua.