Binti Anapotaka Kusimama Juu ya Vidole



Sisi walimu wa masomo ya msingi, tunaoandaa watoto kwa michezo ya Machi 8, tumeona jambo jipya. Binti zetu wanatazama bale kwenye simu, ule uchezaji wa Ulaya ambamo mwanamke anasimama juu ya ncha za vidole na kuzunguka kama pia. Kisha wanajaribu uwanjani. Mmoja wa kilasi ya tano alijaza vitambaa ndani ya viatu vya plastiki ili apande juu ya vidole. Kifundo cha mguu kilivimba, akakosa masomo juma zima, na mama yake akakataza ngoma yote. Tulikwenda kuongea naye.

Tulimweleza kwamba kiatu cha bale ni kitu kingine. Ncha yake ni tabaka za kitambaa na karatasi zilizokaushwa kwa gundi, na soli yake ngumu inashika mguu. Hata hivyo, walimu wa kazi hiyo kwa kawaida hawampi mtoto kabla ya miaka 11 au 12, tena akiwa amejifunza miaka kadhaa, maana mifupa ya mguu ingali inakua. Kiatu cha plastiki hakimshiki mtoto hata kidogo.

Tena, kusimama imara hakuanzii kwenye vidole. Binti anayetoka mtoni na beseni la maji kichwani anajua tayari nusu ya kazi: shingo imenyooka, mabega chini, tumbo limekaza, macho mbele. Kinachobaki ni nguvu ya mguu.

Basi tulikubaliana na mama huyo: uvimbe ukiisha na maumivu yakiisha, binti afanye mazoezi dakika 10 kila jioni, pekupeku, mkono ukutani. Ainue visigino vyote viwili polepole, avishushe polepole. Uzito ukae juu ya kidole gumba na cha pili, kwa sababu mguu ukilalia upande wa nje, ni rahisi kuteguka. Baadaye afanye kwa mguu mmoja, goti limenyooka. Asipotikisika tena, aachie ukuta.

Kuzunguka kuje mwisho. Achague alama moja mbele yake, akunje magoti kidogo, kisha ajisukume juu. Mwili uanze kugeuka, macho yabaki kwenye alama. Kichwa kigeuke nyuma ya mwili lakini kifike mbele yake. Hivyo kizunguzungu kinapungua. Aanze na robo, kisha nusu, kisha mzunguko mzima.

Tusiseme haya ni ya matajiri tu. Kibera, mjini Nairobi, watoto wamejifunza bale ndani ya vyumba vya kilasi, madawati yakisukumwa pembeni, wengi pekupeku. Mwalimu wao, Mike Wamaya, alifika kati ya walimu 10 wa mwisho wa tuzo ya dunia ya walimu mwaka 2017.

Binti yetu amerudi kwenye ngoma. Anazunguka mara moja, kisigino juu, vidole vyote vikikanyaga chini, na hatikisiki. Mama yake ndiye anayehesabu dakika. Wamama, tukiona mtoto anajifunga vitambaa vidoleni, tumvue, lakini ngoma tumwachie.